Usingizi ni mtaji: Lijue tatizo lako kabla ya kukimbilia dawa

WAKATI watu wengi wakiwa wameuchapa usingizi, wapo Watanzania ambao kazi yao ndiyo kwanza imepamba moto. Katika Ziwa Victoria, wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao katika usiku usio na mbalamwezi. Kule Kilombero na Rufiji, mkulima wa mpunga yuko juu ya dungu akilinda shamba lisivamiwe na nguruwe pori au tembo. Barabara ya kwenda Tunduma ina malori usiku kucha, na katika masoko ya Dar es Salaam nyanya, vitunguu na ndizi hushushwa kabla jua halijachomoza.

Watu hawa ndio wanaolilisha taifa. Hata hivyo, wanapokaa kupiga hesabu za gharama huandika mbegu, mbolea, mafuta, ushuru na nauli. Ni nadra kumkuta anayeandika saa za usingizi alizozitoa kafara. Gharama hiyo ipo na hulipwa kila siku kwa hesabu iliyokosewa, mteja aliyefokewa bila sababu, kidole kilichokatwa na mashine, na wakati mwingine kwa gari lililoacha njia.

Makala haya yanaangalia matatizo ya usingizi yanayowakumba watu wengi, namna ya kuyatofautisha na hatua za kuchukua. Kutofautisha ndilo jambo la kwanza, kwa sababu watu wengi husema tu "sipati usingizi" kisha wakaenda dukani kununua vidonge. Ni sawa na mkulima anayemwaga mbolea shambani bila kujua udongo wake umepungukiwa na nini.

Hasara inayohesabika

Mwaka 2016 taasisi ya utafiti ya RAND ilitoa ripoti kuhusu uchumi na usingizi katika nchi tano tajiri. Ilikadiria kuwa Marekani hupoteza hadi dola bilioni 411 kwa mwaka kwa sababu ya wafanyakazi wasiolala vya kutosha, na Japani hadi dola bilioni 138, ambazo ni karibu asilimia tatu ya pato la nchi hiyo. Ilibainisha pia kuwa anayelala chini ya saa sita kwa usiku hupoteza takriban siku sita zaidi za kazi kwa mwaka kuliko anayelala saa saba hadi tisa, ama kwa kutofika kazini, ama kwa kufika akiwa hafanyi kitu cha maana.

Kwa mfanyakazi wa kuajiriwa, hasara hiyo huigawana yeye na mwajiri wake. Mama lishe, bodaboda, mfugaji au mwenye duka hana wa kugawana naye. Siku sita zikipotea, zimetoka mfukoni mwake.

Hasara nyingine ni ya maisha. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walilinganisha watu waliokesha na watu waliokunywa pombe. Waligundua kuwa mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hupungukiwa na umakini sawa na mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi ndicho kikomo kwa dereva. Akifikisha saa 24, hali yake inalingana na ya mwenye asilimia 0.10.

Chukua mfano wa dereva aliyeamka saa 11:00 alfajiri kupakia mzigo. Ikifika saa 4:00 usiku ametimiza saa 17. Hajagusa pombe, na kipimo cha trafiki hakitaonyesha chochote, lakini mikono iliyoshika usukani ni kama ya mlevi. Jambo hili lina uzito zaidi sasa kwa sababu tangu mwaka 2023 mabasi ya mikoani yameruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya marufuku iliyowekwa miaka ya 1990.

Usingizi unavyofanya kazi

Usingizi huongozwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni deni. Tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya katika ubongo, na kadiri inavyoongezeka ndivyo macho yanavyozidi kuwa mazito. Kulala ndiko kunakolipa deni hilo. Kafeini iliyomo katika kahawa na chai huizuia adenosini isifike mahali pake, lakini haiiondoi. Ni kama kumwambia mdai wako aje kesho. Deni liko palepale.

Nguvu ya pili ni saa ya mwili, ambayo hufuata mwanga na giza. Giza linapoingia, ubongo hutoa homoni ya melatonini inayouambia mwili kuwa usiku umefika. Mwanga wa asubuhi huizima. Ndiyo maana aliyekesha kazini anaweza kufika nyumbani saa 2:00 asubuhi akiwa hoi, akajilaza, kisha akashtuka baada ya saa tatu tu.

Mtu akiwa amelala, ubongo hupita katika mizunguko ya takriban dakika 90, ukienda kwenye usingizi mzito kisha kwenye usingizi wa ndoto. Mwili hujirekebisha na ubongo hupanga kumbukumbu katika hatua hizo. Wataalamu wanashauri mtu mzima alale saa saba au zaidi kila usiku, na vijana wa umri wa sekondari saa nane hadi 10.

Makundi manne ya matatizo

Kundi la kwanza ni la wasio na muda wa kulala. Hawa wakipata nafasi hulala usingizi wa pono. Hawana ugonjwa, ratiba yao ndiyo mgonjwa, na hakuna kidonge kinachotibu ratiba. Dawa yao ni kupanga kazi upya.

Mkulima anayekesha juu ya dungu ni mfano mzuri. Majirani wakipanga zamu, kila mmoja huweza kulala usiku kadhaa katika wiki badala ya wote kukesha kila siku. Penye tembo, baadhi ya vijiji hutumia uzio wa pilipili au wa mizinga ya nyuki. Uzio wa mizinga uliendelezwa nchini Kenya na Dk. Lucy King baada ya kubainika kuwa tembo huwaogopa nyuki. Mizinga hutundikwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya, hivyo tembo akigusa waya nyuki hutoka. Shamba hupata ulinzi, na mwenye shamba hupata asali ya kuuza pamoja na saa kadhaa za kulala.

Kundi la pili ni la wenye muda na kitanda, ila usingizi hauji. Mtu hujigaragaza hadi saa 8:00 usiku, au hulala mapema kisha akaamka katikati ya usiku asipate tena hata lepe la usingizi. Hali hiyo ikijitokeza angalau mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu au zaidi, na ikaathiri kazi za mchana, wataalamu huihesabu kuwa ni tatizo sugu. Mara nyingi huanza na jambo halisi kama vile msiba, ugonjwa, marejesho ya mkopo au bei ya mazao kuporomoka. Jambo lenyewe huweza kupita, lakini ubongo ukawa umeshazoea kuwa kitanda ni mahali pa kuwazia. Mfadhaiko, maumivu na kukojoa mara kwa mara usiku, ambako kunaweza kuwa dalili ya kisukari au tezi dume, nako huleta hali hiyo.

Kundi la tatu ni la wanaolala saa zote lakini wanaamka wamechoka. Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu wao wenyewe wanaamini wamelala vizuri. Mara nyingi anayejua ukweli ni mwenza wao. Husimulia kuwa mtu huyo hukoroma kwa nguvu, kisha hunyamaza kama aliyekata roho, halafu hushtuka akitafuta hewa. Huko ni kukatika kwa pumzi usingizini. Njia ya hewa kooni hujifunga kwa sekunde 10 au zaidi, na kwa walioathirika sana hali hiyo hujirudia zaidi ya mara 30 kwa saa.

Hili si jambo la kuchekea. Huambatana na shinikizo la damu, maradhi ya moyo na kiharusi, na humfanya mtu asinzie mchana, hata barabarani. Hutokea zaidi kwa wanene, wenye shingo nene na wanaokunywa pombe kabla ya kulala, ingawa wembamba nao hupata. Tiba ipo. Kupunguza uzito, kuacha pombe na kulala ubavu badala ya chali huwasaidia wengi. Kwa hali kubwa ipo mashine inayosukuma hewa kupitia kinyago ili koo lisijifunge, iliyobuniwa na Dk. Colin Sullivan wa Australia mwaka 1980. Vipimo vyake haviko katika kila hospitali, hivyo mgonjwa aanze kwa daktari wa kawaida au wa masikio, pua na koo, na aende na mwenza wake ili aeleze anachokiona usiku.

Katika kundi hilohilo wamo wanaosumbuliwa na miguu. Wakijilaza tu, miguu huwasha kwa ndani au kuwa kama inatambaliwa na wadudu, na nafuu hupatikana kwa kuinyoosha au kutembea. Mara nyingi chanzo chake ni upungufu wa madini ya chuma, na wajawazito huathirika zaidi. Muhimu ni kupima damu na kuongeza vyakula kama maini, nyama, dagaa, maharage na mboga za majani. Chai isinywewe pamoja na chakula, maana hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini.

Kundi la nne ni la waliogeuza usiku kuwa mchana: walinzi, wauguzi, wavuvi na wafanyakazi wa viwandani. Mwili wao unataka kulala wakati wa kazi, na unakataa kulala wakati wa mapumziko. Mwaka 2007 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kazi ya zamu za usiku katika orodha ya mambo yanayoelekea kusababisha saratani, na ikaurudia uamuzi huo mwaka 2019. Hilo lisimfanye mlinzi aache kazi inayomlisha, bali limkumbushe kuwa usingizi wake wa mchana si uvivu. Familia nayo ielewe kuwa aliyelala saa 4:00 asubuhi baada ya zamu hapaswi kuamshwa aende dukani.

Malale na jinamizi

Kwa wafugaji, warina asali na wakulima wa maeneo yenye mbung'o, hasa pembezoni mwa hifadhi na misitu ya mikoa kama Kigoma, Tabora na Katavi, kuna jambo la kuongeza. Ugonjwa wa malale huanza na homa, maumivu ya kichwa na viungo. Vimelea vikishafika kwenye ubongo, mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku na huanza kuchanganyikiwa. Aina iliyopo Tanzania huenda kwa kasi, na asipotibiwa mgonjwa hufa. Dawa zake hutolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani. Aliyeng'atwa na mbung'o kisha akaona dalili hizo asikae nyumbani akidhani ni uchovu au malaria ya kawaida.

Jinamizi nalo huwatisha wengi. Mtu huzinduka, akashindwa kuinua hata mkono, akahisi kuna kitu kimemkalia kifuani. Wataalamu wanaeleza kuwa wakati wa usingizi wa ndoto ubongo huilegeza misuli ili tusizitende ndoto zetu. Ikitokea akili ikazinduka kabla misuli haijafunguliwa, ndipo hali hiyo hujitokeza. Hupita yenyewe baada ya muda mfupi, na huwapata zaidi wenye uchovu na ratiba za kulala zisizoeleweka.

Tahadhari na vidonge

Vidonge vya usingizi kama diazepamu vina kazi yake, lakini ni kwa muda mfupi na kwa maelekezo ya daktari. Vikizoeleka, mwili hudai zaidi, na kuviacha ghafla kuna hatari zake. Pombe nayo humlaza mtu haraka, kisha humwamsha usiku wa manane na kuzidisha ukoromaji. Wapo madereva wanaotafuna mirungi ili wasisinzie. Mbali na kuwa ni kosa kisheria hapa Tanzania, mirungi haipunguzi deni la usingizi, na siku nguvu zake zinapoisha dereva huzidiwa akiwa barabarani.

Kwa wale wa kundi la pili, mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri kuwa tiba ya kwanza iwe ni kubadili mazoea na mawazo kuhusu usingizi, na dawa zifuate baadaye ikibidi. Baadhi ya mbinu zake zinaweza kuanza nyumbani bila gharama.

Hatua za kuchukua

Anza na daftari. Kama unavyoandika mauzo, andika kwa wiki mbili saa uliyopanda kitandani, saa uliyoamka, mara ulizozinduka, kahawa na pombe ulizokunywa na ulivyojisikia mchana. Daftari hilo litakuonyesha uko kundi gani, na daktari atalihitaji.

Amka saa ileile kila siku, hata kama ulichelewa kulala. Saa ya kuamka ndiyo nanga ya saa ya mwili. Ukiamka, toka nje upate mwanga wa jua.

Chunga kahawa. Kwa wastani, nusu ya kafeini huwa bado iko mwilini baada ya saa tano. Kikombe cha saa 12:00 jioni kina nusu ya nguvu yake saa 5:00 usiku. Chai ya rangi na soda za kola zina kafeini pia.

Usilale na duka. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walikuta kuwa watu waliotumia dakika tano kabla ya kulala kuandika kazi za siku zijazo walipata usingizi haraka kuliko walioandika kazi walizokwisha kuzimaliza. Andika unayemdai, anayekudai na utakachoanza nacho kesho, kisha funga daftari. Simu iwe mbali na kitanda.

Usingizi usipokuja kwa takriban dakika 20, toka kitandani. Kaa mahali penye mwanga hafifu, fanya jambo la utulivu, rudi macho yakiwa mazito. Kitanda kisigeuzwe ofisi wala ukumbi wa kuangalia video.

Tengeneza chumba. Giza, ubaridi na utulivu ndivyo vinavyotakiwa. Weka wavu madirishani ili hewa ipite, chandarua kikae sawasawa, na godoro lenye kunguni lishughulikiwe. Unaweza kulala saa nane kitandani, lakini kunguni wakakuachia usingizi wa mang'amung'amu.

Ukisinzia barabarani, simama. Kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio hakusaidii. Paki mahali salama, kunywa kahawa, kisha lala dakika 15 hadi 20; utaamka kahawa inaanza kufanya kazi. Saa za hatari zaidi ni saa 8:00 usiku hadi saa 12:00 asubuhi, na saa 8:00 hadi 10:00 mchana.

Wajibu wa mwajiri

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua kazi ya usiku kuwa ni ile ya kati ya saa 2:00 usiku na saa 12:00 asubuhi, na inataka anayeifanya alipwe nyongeza isiyopungua asilimia tano ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Sheria hiyo pia inampa mfanyakazi, kwa kawaida, mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 kila wiki.

Mwenye kampuni ya ulinzi, shamba la maua au malori asiyaone masharti haya kama mzigo. Zamu zikizunguka kutoka asubuhi kwenda mchana kisha usiku, mwili huzizoea kwa urahisi kuliko zikirudi kinyumenyume. Safari ndefu iwe na madereva wawili, na yule wa pili awe na mahali halisi pa kulala. Lori moja likipinduka na mzigo wake, hasara yake inazidi mishahara mingi ya dereva wa pili.

Lini umwone daktari? Ni pale unapokoroma huku pumzi ikikatika, unapokosa usingizi kwa miezi mitatu, miguu inapokunyima raha kila usiku, au unaposinzia katikati ya mazungumzo, ukila au ukiendesha chombo cha moto. Dalili hiyo ya mwisho haingoji wiki mbili za daftari. Acha kuendesha kwanza, tafuta tiba, kisha urudi kazini.

Mkulima mzuri huacha shamba lipumzike ili lizae vizuri msimu unaofuata, na hakuna anayemwita mvivu kwa kufanya hivyo. Mwili unaolima shamba hilo nao una haki ya kupumzishwa, tena kila usiku.